Kukohoa Mwaka wa Corona

Nimepona. Natanguliza hilo ili wewe unayesoma ukiwa umeshika kikopo cha makohozi mkononi, unasubiri kuitwa dirishani, usome kwa utulivu, usikimbilie mwisho kuangalia kama nilikufa. Sikufa. Nimenenepa hata, na mama mkwe wangu anasema sasa imetosha.

Naitwa Robi. Nimeolewa Morotonga, nje kidogo ya Mugumu, na mwaka ule wa corona nilikuwa nasoma shahada ya pili ya jiolojia. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani ya vilima vya upande wa Nyamwaga, wilaya ya Tarime, nionyeshe mikanda ya mawe meupe yenye dhahabu imepita wapi, imeinama kuelekea wapi na imekatikia wapi. Mume wangu, Mwita, ni mwalimu wa shule ya msingi. Binti yetu Nyangi alikuwa na miaka mitatu. Nikiwa machimboni alibaki na baba yake na bibi yake, na nilikuwa narudi kila nilipopata nafasi.

Chuo kilipofungwa, mwalimu aliyekuwa akinisimamia alinipigia simu.

"Robi, wenzako wote wamerudi makwao. Na wewe rudi. Mawe hayakimbii."

"Haya yanakimbia, mwalimu," nikamwambia.

Ilikuwa kweli. Huko nilikokuwa ilikuwa imelipuka rashi ya dhahabu. Mtu alipata dhahabu kwenye shamba la mahindi, habari ikasambaa, na watu wakamiminika kutoka kila upande, wengine hadi kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Wakafunga maturubai, wakaleta makarasha ya kusagia mawe, wakachimba maduara, yale mashimo marefu ya kushuka kwa kamba, mpaka kilima kikawa kama kichuguu kilichopigwa teke. Kwao duara lilikuwa riziki. Kwangu lilikuwa nafasi ya kuona ndani ya kilima ambacho mpaka siku ile nilikuwa nakitazama juu juu tu, nikibahatisha. Na nilijua masika yakikolea maduara yatajaa maji na kuporomoka. Nikabaki.

Aliyekuwa akinishusha chini ni msimamizi wa duara moja kubwa, jina lake Baba Gati. Mtu wa Nyamwaga hapo hapo, wa makamo, mrefu, mwenye maneno mengi kuliko ndoo zake za mawe. Alinifunga kamba kiunoni mwenyewe, hakumwamini mtu mwingine, halafu akanitangulia. Huko chini tulikaa muda mrefu bega kwa bega. Mimi nilipima mwinamo wa mkanda kwa dira, yeye alinimulikia kwa tochi ya kichwani, na huku anakohoa.

"Baba Gati, hicho kikohozi vipi?"

"Vumbi hilo. Kila mtu hapa anacho. Ukianza na wewe ndipo tutajua umekuwa mchimbaji."

Nikacheka. Nikawa mchimbaji kabla ya masika kwisha.

Kilianza kama kitu cha kukera tu, kama unywele umenasa kooni. Baada ya muda nikawa naamka fulana imelowa, utadhani nimelala mtoni. Nyundo yangu ya kupasulia mawe, ambayo nimeishika tangu mwaka wa pili wa chuo, ikaanza kunishinda. Nilikuwa nagonga jiwe mara chache halafu nakaa juu yake.

Mwaka mwingine wowote watu wangeniambia pole na kuniacha. Lakini mwaka ule kikohozi kilikuwa kama king'ora. Asubuhi moja nilikohoa kwenye banda la mama lishe, nikakohoa kwa muda, na nilipoinua uso benchi zima lilikuwa tupu. Watu walikuwa wamesimama jua kali na sahani zao mikononi, wananitazama. Hakuna aliyenitukana. Walisimama tu.

Mama lishe akanifuata, leso imefunika pua na mdomo. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Kuanzia kesho ukae kule nyuma ya banda, nitakuletea." Na aliniletea kweli, kila siku, kwenye bakuli lililotengwa kwa ajili yangu, na dagaa walikuwa wengi kuliko wanaopewa wanaolipa mbele. Wapo watakaokukimbia. Usiwahesabu sana. Mkumbuke huyo mmoja anayeacha bakuli.

Mwita alikuja kunichukua kwa pikipiki ya mwalimu mwenzake. Nilipotoka kwenye turubai langu alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akavua koti lake akanivalisha. Njia nzima alikwepa mashimo kana kwamba amepakia mayai. Tulipofika Morotonga, Nyangi alinirukia, akanishika mabegani, halafu akamgeukia bibi yake na kutangaza: "Mama ana mifupa ya kuku."

Mama mkwe wangu ni mjane, mfugaji, mwanamke mfupi mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya mto. Tangu nilipoolewa alikuwa haielewi kazi yangu. Mke anaacha mtoto anakwenda kugonga mawe ambayo hata hayajengi nyumba? Lakini siku ile hakuuliza habari za mawe. Alichemsha majani ya mwarobaini, malimao na tangawizi kwenye sufuria kubwa, akaniketisha kwenye kigoda, akanifunika blanketi. Halafu na yeye akaingia ndani ya blanketi.

"Mama, utaambukizwa!"

"Nyamaza, vuta mvuke. Nikikuacha peke yako utatoa kichwa nje."

Basi tukakaa humo, paji kwa paji, majasho yanatutiririka. Sitakudanganya: ule mvuke haukuniponya. Ila nilikuwa sijawahi kukaa karibu na yule mama namna ile, na nadhani ni humo ndani ya blanketi tulimogeuka ndugu.

Kikohozi kikaendelea. Siku nilipotema kitu chenye uzi wa damu, Mwita alisimamisha baiskeli ya jirani mlangoni, akasema, "Panda. Hospitali."

Pale hospitali kila anayekohoa alipelekwa kwenye hema nje, mbali na wengine. Viti vilikuwa vimeachana, na ndoo ya maji na sabuni ilikuwa imesimama mlangoni. Kungoja ndani ya lile hema ilikuwa kazi kuliko kushuka duara. Kila mmoja alijaribu kumeza kikohozi chake ili mwenzake asimwone mbaya zaidi. Jua liliingia upande wangu. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, muuza vitenge pale mjini, alinyanyuka bila kuombwa akanionyesha kiti chake kilichokuwa kivulini.

"Shikamoo mzee. Hapana, kaa tu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa wewe. Mimi nimeshakauka vya kutosha."

Nilikaa. Kuna fadhila ndogo kama hizo ambazo mtu mzima wa afya hawezi kuzipima. Kiti kivulini. Nesi anayekuita kwa jina badala ya "wewe wa kikohozi".

Makohozi nilitolea nje, nyuma ya jengo, penye upepo, kama nilivyoelekezwa. Nikarudishwa kungoja. Mwita alikaa ng'ambo ya uzio, chini, mgongo wake umeegemea nguzo. Kila nilipoinua macho alikuwa ananitazama, na kila alipoona namwona aligeuza uso upande wa barabara.

Daktari alikuwa dada wa rika langu, barakoa imemfunika, macho yamechoka. "Siyo corona," akasema. "Ni kifua kikuu."

"Mungu ashukuriwe," nikasema.

Akanitazama kwa mshangao. "Dada, umenisikia vizuri?"

"Nimesikia. Si kina dawa?"

"Kinayo. Miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Na hulipii."

Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena. Ndipo akauliza swali lililonikatiza kicheko: "Nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano?"

Katika ugonjwa wote ule, sikumbuki kitu kilichoniuma kama kukaa kwenye benchi na kumtazama Nyangi akipimwa. Aliona mchezo. Alivuta pumzi, akaachia, akataka kushika kile kipimo cha kifuani. Kifua chake kilikuwa salama. Akaanzishiwa dawa za kinga, na sisi tukaambiwa nilale chumba cha peke yangu, madirisha wazi, nisimbebe mpaka watakaponipima tena.

Tulipofika nyumbani Mwita alipata sauti yake.

"Kilima, kilima, kilima," akasema. "Nilikuambia rudi. Mwalimu wako alikuambia rudi. Angepata mtoto, ungeniambia nini?"

 Akahamisha godoro lake na la Nyangi kwenye nyumba ya mama yake, upande wa pili wa uwanja. Wiki kadhaa tuliongea kuhusu chumvi na mafuta ya taa tu. Nayaandika haya kwa sababu mwenye ugonjwa huu ataambiwa habari za vidonge, lakini hakuna atakayemwambia kwamba aliye mzima naye anaugua. Mwita alikuwa anaogopa. Hofu yake ilitoka ikiwa imevaa hasira, nami nilikuwa dhaifu mno kuitambua.

Kila anayetumia dawa hizi anahitaji mtu wa nyumbani wa kumsimamia akimeza. Nilitarajia awe Mwita. Mama mkwe akasema, "Nipeni mimi. Mwita anaona huruma."

Yeye hakuona huruma. Kila asubuhi, akishakamua, alikuja mlangoni kwangu na kikombe cha maji na uji wa ulezi. Nilimeza vile vidonge vyekundu, na yeye akasimama.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Mama! Nimemeza."

"Ndama nao husema hivyo hivyo. Inua."

Siku ya kwanza nilipokwenda chooni nikaona mkojo una rangi ya chungwa, nilipiga kelele nikidhani navuja damu. Alikuja mbio. Nesi alikuwa ametueleza kuhusu hilo. Mimi nililisahau, yeye hakulisahau. Akaegemea ukuta wa choo akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Dawa inapita, Mama Nyangi. Inapita na mdudu." Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba mkwe alipofariki.

Mwanzoni vidonge vilinichafua tumbo; harufu ya mafuta tu ilinifukuza jikoni. Halafu asubuhi moja, mahindi yakiwa yameanza kukomaa, niliamka na njaa. Njaa ya kweli, ya mtu mzima. Mama akachinjisha mbuzi, akanipikia supu ya kichuri, ile chungu ya matumbo na nyongo, nikanywa bakuli zima nikaomba lingine. Alienda kusimama katikati ya uwanja akamwita mwanawe: "Mwita! Mkeo anakula!"

Mwita alitoka. Akasimama kwa mbali, akaniangalia nikilamba vidole. Akaja akakaa kwenye kizingiti, mgongo amenigeuzia, mabega yakawa yanatikisika. Niliweka bakuli chini. Nilitaka kumshika, nikakumbuka sijaruhusiwa.

"Nilidhani nitakuzika," akasema bila kugeuka.

Tangu siku ile kizingiti kile kikawa mahali pake pa jioni. Yeye alikaa nje, mimi ndani karibu na dirisha, tukaongea mpaka giza lilipoingia, au mpaka wenzake walipompitia kwenda kulinda mashamba tembo wasiingie.

Lilikuwepo jambo moja nililolikwepa. Daktari alikuwa ameniuliza nilikaa karibu na nani huko machimboni, nami nilijua jibu. Lakini nikitaja, habari itaenea kambini: yule dada wa dira ametuletea maradhi. Mwishowe nilipiga simu, nimekaa uwanjani, mama yuko pembeni anapepeta ulezi.

"Baba Gati, nimekutwa na kifua kikuu. Nenda kapime pale hospitali ya Bomani."

"Mimi? Mimi nakohoa tangu hujaolewa. Na nikienda kupima, duara nani atasimamia? Watu watasema Baba Gati ana corona, kesho nakuta mwingine amekaa juu ya kiti changu."

"Baba Gati, tafadhali."

"Pole sana, Injinia. Meza dawa. Usinitafutie ugonjwa."

Sikuona mkono wa mama ukija. Simu ilitoka sikioni mwangu ikaingia lake, na Kikurya kikaanza. Alimuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akamuuliza mama yake alizaliwa wapi. Hapo sauti ya mama ikapanda maradufu, maana ilionekana mama yake Baba Gati ni wa ukoo mmoja na yeye. Kwa hiyo aliyekuwa akijibizana naye si mchimbaji asiyemjua. Alikuwa mtoto wa dada yake.

"Utanisikia, mura?" akamalizia kwa Kiswahili, Kikurya kikibaki kwenye kumwita kijana tu, nadhani kunionyesha mimi kwamba ameshinda. "Kesho. Na unipigie ukiwa hapo hapo hospitali, nimsikie nesi."

Alipiga kesho yake. Mama akaomba kuongea na nesi, wakasalimiana, wakaulizana habari za ng'ombe.

Alikuwa nacho. Na kwa sababu Baba Gati hawezi kufanya jambo kimya kimya, alirudi kambini akatangaza mwenyewe, amesimama juu ya lundo la mawe: amepimwa, ni kifua kikuu, kina dawa, na anayekohoa aende. Wengine walikwenda. Wapo waliokutwa nacho, wapo waliokutwa wazima, na wapo waliohama kwenda rashi nyingine na vikohozi vyao. Kambi haikunichukia. Yule mama lishe alinitumia salamu.

Miezi miwili ya kwanza ilipokwisha, nilipimwa tena. Ilikuwa kiangazi, mahindi yameshavunwa, vumbi limerudi barabarani. Daktari alisoma majibu, akashusha barakoa yake kwa sekunde tu ili nione kwamba anatabasamu. Makohozi yalikuwa safi. Ilibaki miezi minne ya dawa, lakini ningeweza kumbeba mwanangu.

Nilitembea nyumbani haraka kuliko pumzi zangu. Nyangi alikuwa anacheza uwanjani. Nikapiga magoti, nikafungua mikono. Alinikimbilia, halafu hatua chache kabla hajanifikia akasimama ghafla. Akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo mama," akasema kutoka pale pale. Ndivyo tulivyomfundisha.

"Marahaba. Njoo, Nyangi. Sasa unaweza."

Akamtazama baba yake. Mwita akaitikia kwa kichwa. Akamtazama bibi yake.

"Nenda," bibi akasema. "Nimemkagua."

Hapo akaja. Hakurukia, alikuja polepole, akagusa shavu langu kwa kidole kwanza, kama anayejaribu uji kama umepoa. Usiku huo magodoro yalirudi.

Kuhusu masomo, ngoja niseme kifupi. Nilirudi Nyamwaga mvua za vuli zilipokaribia, Mwita akiwa amenisindikiza kwa likizo yake. Kama nilivyoogopa, maduara mengi yalikuwa yameporomoka au yamefukiwa, na upande mmoja wa kilima sikuuona tena. Nililia kidogo kwa ajili ya hilo, silifichi. Nikampigia mwalimu wangu.

"Upande huo uuache mweupe kwenye ramani," akasema. "Usipofika, huchori."

Ramani yangu ina doa jeupe, na chuo kiliipitisha nalo hivyo hivyo. Kila anayeitazama huuliza, nami humjibu kwamba wakati huo nilikuwa nameza dawa.

Baba Gati alimaliza dozi yake baada yangu. Kifua kikuu kiliondoka, ila mapafu yake yamekula vumbi la miaka mingi na hayo hayarudi. Daktari amemkataza kushuka chini. Nilipomtembelea baadaye alikuwa amekaa juu ya duara, anaelekeza kamba, anapumzika katikati ya sentensi, jambo ambalo zamani hakulijua. Anasema amepandishwa cheo. Siku hizi ananunua miche ya migomba apande nyuma ya nyumba yake, na akitaka ushauri hanipigii mimi. Anampigia mama.

Wewe unayemeza sasa, sina siri ya kukupa. Kula hata kama chakula kina ladha ya chuma. Fungua madirisha. Usione haya kusimamiwa. Siku utakazojisikia umepona ndizo hatari zaidi, maana ndizo zinazokushawishi uache; siku hizo nilikuwa naye mama mlangoni. Mtafute wako. Si lazima awe mpole.

Leo ninapoandika haya mama hayupo nyumbani. Jirani yetu Marwa, fundi wa makarasha, baba wa watoto wawili, amerudi kutoka machimboni amekonda, na kwa wiki nzima tumekuwa tukimsikia akikohoa nyuma ya ukuta wake. Mkewe amembembeleza, amekataa. Asubuhi mama alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa, akaenda kusimama mbele ya mlango wake.

"Marwa, mimi naenda hospitali."

"Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi. Nakwenda kukaa kwenye benchi la wanaokohoa. Wakiniuliza nasubiri nini, nitawaambia namsubiri Marwa. Nitakaa mpaka jioni."

Akageuka akashika njia bila kuangalia nyuma. Niliwatazama kutoka dirishani. Alikuwa ameshafika kwenye miti ya mikaratusi Marwa alipotoka ndani akifunga vifungo vya shati, anamwita amngoje. Mama hakupunguza mwendo. Ilibidi Marwa akimbie.